Faini, Ila

Mwaka ule darasa la tatu pale Isyonje lilikuwa na vioo viwili tu vizima.
Ukungu uliingia bila hodi, ukakaa nasi kwenye madawati.
Mwalimu Ambwene aligonga meza kwa rula,
tukasimama, magoti yakigongana kwa baridi,
tukazitangaza hali zetu kwa pamoja:
Wi a faini, tichaa.

Mimi nilifumba mdomo.

Jana yake, kizuizini, mama alikuwa ameshushwa
na magunia yake saba ya viazi.
Afisa wa vipimo alilizunguka kila gunia kama mtu anayenunua ng'ombe,
akakigusa kile kilemba cha juu kilichoshonwa kwa kamba ya katani,
akasema, "Hii lumbesa, mama. Faini."
Aliyetaka kilemba ni mnunuzi wa Dar es Salaam.
Aliyekishona ni mama, usiku, kwa kibatari,
sindano ikimchoma kidole gumba mara mbili.
Aliyelipa, unamjua.
Risiti ilikaa kabatini, chini ya Biblia.
Jioni tulikula viazi visivyo na chumvi,
nikajua faini ni mdudu anayekula chumvi ya watu.

"Wewe, Subilaga! Hau a yu?"
"Mama ndiye faini, mwalimu.
Mimi bado hawajanikamata."

Darasa lilicheka mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakimbia uwanjani.
Mwalimu Ambwene hakucheka.
Aliilaza rula, akachukua chaki,
akaliandika neno lile lile mara nne, moja chini ya jingine.
Kiingereza, alisema, kina shati moja la Jumapili,
ndugu wote wanaazimana.
Hili la kwanza ni mzima wa afya.
Hili la pili, mama yako ameshakufundisha.
La tatu ni unga uliopita kwenye chekeche la matundu madogo.
Na hili (chaki ikaelekea dirishani,
kwenye manyunyu yasiyoamua kuwa mvua)
hili ni hayo.

Gwakisa akauliza, watajuaje wamevaa lipi?
Mwalimu alifikiri kidogo.
"Tazama nani analisema," alijibu, "na ameshika nini mkononi."

Miaka ishirini na sita baadaye, wodi ya wanawake, Mbeya mjini.
Daktari mgeni, kijana, nywele zake kama hariri ya mahindi
(hizo nazo, nilikumbuka, huvishwa shati lile lile),
alisikiliza kifua cha mama, akasoma karatasi, akatabasamu:
Shi iz faini.

Mama, ambaye Kiingereza chake chote
kiligongwa muhuri kizuizini,
alinitazama. Mkono ulikuwa umeshafika
kwenye fundo la pindo la kitenge.
"Shilingi ngapi?"

Nilitaka kucheka. Kitu kingine kikanikaba.
Hapana, mama. Anasema u mzima.

"Mzima." Alilipima neno, akalizunguka
kama yule afisa na magunia,
akakigusa kilemba chake.
"Mwambie ndaga. Mwambie mzima, ila
usiku mguu huu hauko nami.
Ila sijapata usingizi tangu Jumanne.
Ila viazi vimo shambani na mvua hii ndogo haikomi,
vitaoza, na Tusekile peke yake hawezi kuvichimba."

Kwetu salamu huwa na mkia.
Unasema nzuri kwanza, ili mwenzako apate pa kukaa,
halafu ndipo unamtolea mzigo.

Nikamgeukia daktari. Alikuwa ameshika kalamu.
Nikatafuta kote: neno lao lina milango minne,
wala hakuna mmoja unaotokea uani.
"Anashukuru," nilimwambia kwa Kiingereza chake. Basi.
Aliandika herufi zake nne kwenye faili,
akasogea kitanda cha pili.

Nje, juu ya mabati ya jiko la hospitali,
manyunyu yalikuwa yakichekechwa.
Mama alikuwa bado ameshika fundo la kitenge.
Hakulifungua, wala hakulikaza.